Walichimba Kabla Sijakubali

Kama umeambiwa mguu wako utakatwa, na unasoma hapa ukitafuta mtu wa kukuambia kwamba hautauma, weka karatasi hii chini. Utauma. Wangu unauma hata leo, na uko ndani ya udongo tangu mvua ndefu za mwaka juzi. Lakini niko hai, nimekaa kwa kiti changu, ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hicho ndicho kitu nilichotaka ukijue kwanza.

Jina langu ni Zakaria. Niliacha shule darasa la pili, baba alipokufa. Kusoma nilijifundisha nikiwa mtu mzima, kwa kutazama maandishi ya magunia. Binti yangu Tabitha ni mwalimu, na yeye atanisahihishia herufi, lakini nimemwambia maneno yangu asiyaguse. Nilianza kwa kukata miwa ya watu huku Butali. Baadaye nikanunua mashini kuukuu ya kukamua miwa, nikaanza kupika sukari nguru. Leo nina mashini mbili. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa najisifu pia. Nasema ili uelewe ule ujinga nilioufanya baadaye.

Kazi ya sukari nguru ni kazi ya jicho na ulimi. Maji ya miwa yanachemka kwenye karai kubwa, chini yake yanawaka makapi makavu ya ile miwa yenyewe. Fundi anachota tone, anadondosha kwenye maji baridi, anaonja. Hapo ndipo anajua kama karai imeiva. Nimeonja hivyo tangu nikiwa kijana bila ndevu. Kwa hiyo watu wa soko waliposikia nimeshikwa na ugonjwa wa sukari, walicheka. Walisema mwenye duka ameibiwa na bidhaa yake.

Sukari ilikuwa imeniua vidole vya miguu kitambo. Sikumwambia mtu. Na sisi wapishi wa zamani hatuvai viatu karibu na jiko. Ukivaa, asali ya miwa iliyomwagika inakushika kama gundi, halafu watu wanasema huyu bado anajifunza. Basi siku moja, wakati wa palizi ya kwanza ya mahindi, nilikuwa nimesimama kando ya jiko nikipigia watu kelele. Nikasikia harufu.

“Nani anachoma nyama saa hizi?” nikauliza.

Shem, mfanyakazi wangu wa miaka mingi, aliacha kuchochea moto. Aliangalia chini. Na mimi nikaangalia. Nilikuwa nimekanyaga makaa, na mguu wangu wa kulia ulikuwa ndani yake kama kuni.

Sikusikia chochote. Kama kuna siku niliogopa kwa mara ya kwanza maishani, ni hiyo. Ningeungua kwa maumivu, ningelia kama watu, nikapona. Lakini kuungua bila habari ni kama kuibiwa ukiwa umekaa mlangoni.

Nilificha. Nilifunga majani, nikavaa gambuti. Baada ya wiki mbili mke wangu akasimama katikati ya nyumba, ananusa.

“Baba Tabitha, kuna panya amekufa humu ndani?”

“Hakuna panya.”

“Basi ni nini?”

Nikavua gambuti. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka mguu wangu kwenye mapaja yake, akautazama kama mtu anayesoma barua ya kifo.

Kuanzia hapo nilihesabu siku kwa kusafishwa kidonda. Siku moja nakwenda, siku moja napumzika. Benchi la kliniki lile nalijua kuliko kiti cha kanisani. Tulikuwa tunakaa tumepangana, kila mtu na mguu wake umefungwa kwenye mfuko wa plastiki usilowe mvua. Kila mtu anachungulia wa mwenzake kwa pembe ya jicho. Ukiona wa jirani ni mbaya kuliko wako, unapata nafuu, halafu unaona haya. Mama mmoja kutoka Bukura alikuwa akija na karanga, anatugawia wote bila kuuliza majina. Siku alipokosa kuja, hakuna aliyeuliza yuko wapi. Tuliogopa jibu.

Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, nikalazwa. Hospitali ilikuwa ile kubwa ya mjini. Daktari alikuwa msichana, umri wa mjukuu wangu, lakini mikono yake ilikuwa na heshima.

“Mzee, huu mguu hauponi tena,” akasema. “Tuukate chini ya goti. Tukikata sasa, goti linabaki, na mtu mwenye goti anatembea na mguu wa bandia vizuri. Tumekuwekea Jumanne. Zungumza na watu wako, halafu utaniambia mwenyewe. Bila wewe kusema ndiyo, hatukugusi.”

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Maisha yangu yote nilikuwa mtu wa kuamua kabla chai haijapoa. Sasa nikalala nikitazama dari kama mtu aliyesahau njia ya kwake.

Jumapili alikuja mchungaji wetu. Ni mtu mzuri, mwenye sauti. Akanishika bega. “Mzee Zakaria, usihangaike. Mungu ameshajua utakachoamua.”

Alifikiri ananipa mto wa kulalia. Yale maneno yaliniingia kama maji baridi ya kisima.

“Amejulia wapi?” nikauliza.

“Vipi mzee?”

“Mimi mwenyewe sijui bado. Yeye amejulia wapi?”

“Yeye ni Mungu.”

“Najua ni Mungu. Nauliza amejulia wapi.”

Akaomba sala ndefu kidogo, akaenda. Alikuwa na mazishi.

Kitanda cha pili kulikuwa na mzee wa Kiislamu kutoka Matungu, Mzee Swaleh, muuza maharagwe. Naye alikuwa na mguu kama wangu, na alikuwa amewekewa Alhamisi ya wiki hiyo. Akageuza kichwa taratibu.

“Umemfukuza mtu wa Mungu.”

“Nimemuuliza tu.”

“Watu kama wewe ndio mnafanya maimamu wetu wastaafu mapema. Haya, niulize mimi. Mimi sina kazi nyingine hapa.”

Nikamwambia. Nataka niandike vile nilivyomwambia, kwa sababu wewe unayesoma, kama uko kwenye kitanda hicho, huenda unajiuliza hilo hilo na unaona haya kulisema.

“Mimi najua karai imeiva kwa sababu nimeonja,” nikasema. “Isipoiva, siwezi kujua kwamba imeiva. Kwa hiyo karai ndiyo inanipa kujua. Ninaitegemea. Sasa Mungu anajua kama nitasema ndiyo au hapana. Habari hiyo ameipata wapi? Kama ameipata kwangu, basi ananitegemea mimi, mtu wa darasa la pili. Ananingoja kama mimi ninavyongoja karai. Na kama hakuipata kwangu, basi ameamua yeye, na mimi hapa nasumbuka bure, kama mtu anayepanga foleni ya kura na hesabu imeshatangazwa.”

Mzee Swaleh akacheka mpaka akakohoa.

“Wewe unataka Mwenyezi Mungu aje akuombe ruhusa.”

“Nataka kujua tu nani anamngoja nani.”

“Yeye hamngoji mtu. Hana haja. Sisi wote tuna haja naye, yeye hana haja nasi. Hilo kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.”

“Basi mguu wangu ameukata yeye.”

“Sikusema hivyo.”

“Basi sema.”

“Mimi ni mtu wa maharagwe, bwana, sio shehe.” Akafikiri. “Sikiliza. Wewe unajua kwa kuonja kwa sababu ulikuta utamu uko tayari. Yule aliyeutia utamu ndani ya muwa, anaonja nini?”

Nilipenda jibu hilo. Lilinishika kama dakika nzima. Halafu nikauliza, “Na nikikataa? Kule kukataa, nani alikutia ndani yangu?”

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya alasiri ambayo kwetu haikosi. Mzee Swaleh alitazama dirisha kwa muda mrefu.

“Hapo,” akasema, “ndipo na mimi huogopa.”

Basi tukaogopa wawili. Nikigeuka upande huu, naona Mungu asiyeningoja, ambaye ameshafunga daftari. Nikigeuka upande ule, naona Mungu anayengoja kuona nitafanya nini, na huyo alinitisha zaidi. Kama hata yeye ananingoja mimi, nani ameshika kamba?

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeamua. Nitakubali. Nilikuwa namngoja daktari apite nimwambie. Kabla hajafika, saa ya kuona wagonjwa, akaingia mke wangu pamoja na shemeji yangu Mama Beti, mke wa mdogo wangu Hezron. Mama Beti ana moyo wa dhahabu na mdomo usio na mlango. Alikuwa ananimiminia chai isiyo na sukari.

“Na mambo ya nyumbani usiwaze kabisa, shemeji,” akasema. “Hezron ameshamaliza kuchimba. Asubuhi hii hii, pale nyuma ya zizi.”

Mke wangu akamkanyaga. Nilimwona.

“Kuchimba nini?” nikauliza.

Mama Beti akaanza kufunga chupa ya chai.

Lazima nieleze, kwa ajili ya msomaji wa mbali. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Kinaletwa nyumbani, kinazikwa kwenye shamba la mwenyewe, kwa heshima. Hilo ni sawa. Lakini shimo haliwi wazi. Shimo la kuzikia likichimbwa, ni lazima lipewe kitu cha kula siku hiyo hiyo. Kama hakuna cha kuzika, linakatiwa shina la mgomba, linazikwa kama mtu, ndipo watu wanalala. Ukiacha shimo wazi, linaanza kutafuta chakula chake lenyewe. Ndiyo maana hakuna mtu mwenye akili anayechimba mapema. Hezron alichimba Jumatatu kwa mguu wa Jumanne, kwa sababu Jumanne asubuhi alikuwa na safari ya kupeleka miwa, akaona afunike na mabati mpaka kesho yake. Alifikiri mabati yanatosha.

Nikaagiza aitwe. Akafika mchana, matope ya nyuma ya zizi yakiwa bado kwenye suruali.

“Mzee, usikasirike,” akasema. “Ni kurahisisha kazi tu.”

“Nani alikuambia nimekubali?”

“Kila mtu alijua utakubali. Ni uhai.”

“Wewe ulijua?”

“Nilijua.”

“Haya. Sikati.”

“Mzee.”

“Ulijua nini sasa, Hezron? Sikati. Nenda ukazike mgomba.”

Mke wangu alikuwa anaangalia sakafu. Mzee Swaleh alijifanya amelala. Daktari alipopita nikamwambia hapana, na nikaona amevunjika uso. Akaniambia kidonda hakingoji. Nikamwambia hata mimi singoji, nataka kwenda nyumbani. Lakini nyumbani sikwenda. Homa ilinishika siku hiyo hiyo, wakanitundikia dripu.

Walizika mgomba. Hezron aliniambia baadaye kwamba walifanya haraka kabla jua halijazama, na kwamba watu waliokuwa wakipita njiani walivua kofia, wakidhani ni mtoto.

“Ulikataa kwa sababu ya mguu, au kwa sababu ya shimo?” Mzee Swaleh aliniuliza Jumatano.

“Kwa sababu mimi si mbuzi wa kupangiwa siku.”

“Hilo si jibu la nilichouliza.”

“Nilikuwa nimeshaamua kukubali,” nikasema. “Kama wasingechimba, leo ningekuwa nimekatwa.”

“Kwa hiyo walijua vizuri. Ni vile tu walikuambia.”

Nilikuwa naogopa kufunua shuka. Mguu ulikuwa umeanza kutoa harufu ambayo hata dawa haikuificha, na mtu wa kitanda cha mbele alikuwa ameomba ahamishwe, kwa adabu, akisema ni upepo wa dirisha.

Alhamisi asubuhi walimjia Mzee Swaleh na kitanda cha magurudumu. Mke wake, mama mwembamba mwenye leso mbili, alimshikia chupa ya maji, naye mzee akatawadha palepale kitandani, taratibu, hata ule mguu uliokuwa unakwenda kukatwa. Aliuosha kama mguu mzima. Nilipoona hivyo niligeuza macho.

“Zakaria,” akaniita. “Mimi nimesema ndiyo. Sijui kama nimemwambia Mwenyezi Mungu jipya.”

“Ukirudi utanieleza.”

“Nitakueleza mchana.”

Mchana ulifika. Mvua ya mawe ikapiga mabati mpaka tukashindwa kusikizana. Ikaisha. Wakaja wahudumu wawili, wakatoa shuka za kitanda cha Mzee Swaleh, wakapangusa godoro, wakatandika shuka mpya, wakaleta mtu mwingine. Chini ya kitanda ndara zake zilikuwa bado pale, zote mbili.

“Sista,” nikamwita nesi, “yule mzee yuko wapi?”

“Alipelekwa wodi nyingine.”

“Yuko hai?”

“Mzee, pumzika. Homa yako iko juu.”

Ninakuambia wewe unayesoma, nimewahi kufukuzwa na nyoka shambani, nimewahi kuona mashini ikimeza mkono wa mtu. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa zile ndara. Yeye alisema ndiyo na kitanda chake kina mtu mwingine. Mimi nimesema hapana na weusi wa mguu unapanda. Njia zote mbili zilikuwa zimefungwa na huyo Mungu aliyekuwa anajua mwisho wake na hasemi.

Ijumaa mke wangu alikuja peke yake. Alikuwa ameniletea kumbikumbi waliokaangwa, kwenye karatasi, kwa sababu ilikuwa siku yao ya kuruka na anajua nawapenda. Nilikula watatu. Halafu akafunua shuka bila kuniomba. Weusi ulikuwa umepita bandeji, umefika karibu na goti.

Alifunika tena, akanikalia karibu.

“Baba Tabitha, nikuambie kitu?”

“Sema.”

“Mimi nimekuosha huu mguu tangu mahindi hayajafika kiunoni. Sikulalamika. Sasa unaniachia niwe mjane kwa sababu Hezron alishika jembe.”

“Sio hivyo.”

“Ni hivyo. Unaogopa watu watasema Hezron alijua.” Sauti yake haikupanda. “Mchungaji anasema Mungu anajua utafanya nini. Hezron anasema anajua. Mama Beti anajua, soko lote linajua. Mimi sijui. Nimelala na wewe miaka hii yote na sijui. Niko hapa tu, nakungoja.”

Nilimtazama yule mama, amekaa kwa kiti cha plastiki, viatu vimelowa, hana uwezo wowote juu ya jambo lile isipokuwa kungoja. Maisha yangu yote nilihesabu kwamba mtu anayengoja mwingine ni mtu mdogo. Hakuwa mdogo. Katika wodi ile, yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote.

“Muite daktari,” nikasema.

Daktari akaja, akabonyeza hapa na pale. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hawafanyangi.

“Mzee, sasa ni juu ya goti.”

“Jumanne ilikuwa chini.”

“Jumanne ilikuwa chini.”

Siku nne. Tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nilinunua siku nne za kiburi kwa goti.

Wakaleta fomu. Nesi alikuwa na kidau cha wino wa kidole, kwa sababu kwenye karatasi ya kulazwa Mama Beti aliandika kwamba sikusoma. Nikakataa kidole. Nikaandika ZAKARIA, herufi moja moja, na nesi akangoja mpaka nikamaliza. Niliomba sala moja tu, bila kufumba macho. Nilisema: kama ulikuwa unangoja kusikia kutoka kwangu, haya, umesikia. Na kama ulijua tangu zamani, usiniambie mwisho wake.

Kule thieta, chumba cha kupasulia, wanakuchoma sindano ya mgongo, na unakaa macho. Wanaweka pazia kifuani. Sitakuandikia nilichosikia upande wa pili wa pazia. Nitakuambia tu kwamba kulikuwa na mtu mmoja wa pale, sikuona uso wake, aliyeweka mkono kwenye paji la uso wangu na hakuuondoa mpaka mwisho. Ukienda, omba mkono wa namna hiyo. Wanao.

Siku ya tatu nikaanza kuwashwa na kidole gumba ambacho hakipo. Nilikuwa namwambia mke wangu akune hewa pale mwisho wa kitanda, na alikuna, huku akitazama mlango asionekane. Tulicheka mara ya kwanza tangu palizi.

Hezron alikuja, akasimama mbali kidogo.

“Tumeuzika,” akasema.

“Pale pale?”

“Pale kuna mgomba. Tumechimba lingine.” Akaangalia pale goti lilipokuwa. “Hili lilikuwa refu kidogo.”

Halafu akasema, “Pole kwa kuchimba, mzee.”

“Pole kwa kukuchimbisha mara mbili,” nikasema. Kati yetu hiyo ni sherehe.

Wiki iliyofuata, wakati nafundishwa kusimama na magongo, nikamwona mke wa Mzee Swaleh mlangoni mwa wodi na leso zake mbili. Alikuwa amekuja kuchukua ndara. Mhudumu alikuwa amemwekea kwenye mfuko.

“Asalaam aleikum, mama,” nikasema, kwa vile mume wake alikuwa amenifundisha.

“Waaleikum salaam.” Akatazama suruali yangu iliyokunjwa. “Afadhali wewe. Wetu mguu ulikatwa vizuri, moyo ndio ulimshinda. Aliishi siku mbili tu.”

Nikamwambia mume wake alikuwa ananidai jibu moja. Akasema, “Huyo alikuwa anadaiwa majibu na Matungu nzima,” akatabasamu, akajifuta na leso, akaenda na mfuko wake.

Sitakudanganya. Alisema ndiyo siku aliyoambiwa, akafa. Mimi nilichelewa kwa ujeuri, nikaishi. Usijenge nyumba juu ya hapo. Daktari aliniambia wazi: wengi wanaochelewa kama mimi hawaandiki chochote.

Lakini lile swali nimeendelea nalo, kwa sababu mtu wa mguu mmoja anapata nafasi ya kukaa. Nimefika hapa tu. Hezron alijua nitakubali, na alijua sawasawa. Ila kujua kwake kulishika jembe, kukanifikia masikioni, na kulipofika kukanigeuza. Ikabidi azike mgomba, achimbe tena kwa kipimo kingine. Huko ndiko kujua kwa mtu anayetegemea: ukimbadilikia, anarudi kufukia. Mungu sijaona mahali amefukia shimo lenye mgomba. Kama alijua, alijua na ile hapana ya Jumatatu, na ndiyo ya Ijumaa, na urefu wa shimo la pili. Na alinyamaza. Zamani ningesema alininyima msaada. Siku hizi nafikiri kama angeniambia, ningemfanyia yeye vile nilivyomfanyia Hezron. Alininyamazia ili ndiyo yangu iwe yangu.

Je, hiyo ina maana ananitegemea apate kujua? Sijui. Mzee Swaleh angesema hapana, na ningemuuliza tena lile la kukataa kwangu kulitoka wapi, na angetazama dirisha. Nimemwona mke wangu akingoja bila kupungua, kwa hiyo siogopi tena kwamba kungoja kunamshusha mtu. Ninachoogopa ni kwamba aliliona goti langu likienda, kwa siku nne, na akaniacha. Hilo bado naliogopa. Sijapata mtu wa kunitoa hapo, na wewe usikubali anayekwambia kwamba ni jambo dogo.

Siku hizi nakwenda kliniki kila mwezi kwa ajili ya mguu uliobaki. Naonja karai kwa kijiko kimoja, nikitema, na nimevaa kiatu. Nesi wa pale ana kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki, cha kupimia kama wayo bado unasikia. Anasema, “Mzee, funga macho. Nikikugusa, sema nasikia. Usiposikia, nyamaza, nitakuuliza.”

Miaka ile ya kwanza, kabla ya makaa, walinifanyia hivyo mara moja, na nilikuwa nasema nasikia, nasikia, nasikia, kila nilipohisi kivuli chake kimesogea. Niliona haya mwanamke kujua kwamba sehemu ya mwili wangu imenitoroka. Nesi wa siku ile akaandika vile nilivyosema. Angeandika nini kingine?

Juzi nilifunga macho. Nilisikia anavuta kiti. Halafu kimya. Moyo ulikuwa unanipiga kama mashini isiyo na mafuta, kwa sababu sikujua kama hajaanza au ameshagusa. Yeye alijua kijiti kiko wapi. Kama nakisikia, hilo nalijua mimi peke yangu, na hakuwa na njia nyingine ya kulipata isipokuwa kinywa changu.

“Mzee?” akauliza.

“Hapo sijasikia,” nikasema.

“Na hapa?”

Nikangoja. Nilingoja kwa mwili wote, mpaka jasho.

“Hapo nasikia,” nikasema. Na ilikuwa kweli.